Miezi Ambayo Mama Hakugusa Maziwa

Mama yangu Kamaliza alizaliwa katikati ya ng'ombe, na mpaka alipofikisha miaka ishirini na saba hakuwahi kulala mahali ambapo hasikii ng'ombe wakipumua. Nyumba yetu ya Mushaki ilikuwa karibu kabisa na zizi. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya vilima, Papa na wadogo zake walikamua, na mama yake Papa, Nyirabagenzi, ambaye sisi wajukuu tulimwita Nyogokuru, alipokea maziwa mlangoni. Vyombo vya maziwa vilikuwa mali yake. Aliviosha, akavifukiza kwa moshi wa majani, akavipanga nyuma ya nyumba mahali ambapo sisi watoto hatukuruhusiwa kupita tukikimbia. Moshi ule bado ninausikia puani nikifumba macho, ingawa ni miaka mingi sasa.

Tulikuwa Wakristo. Papa, Makuza, aliyebatizwa Narcisse, alikuwa katekista. Nyogokuru alibatizwa akiwa mtu mzima, akavaa medali shingoni pamoja na ushanga wake wa zamani, na hakuona ugomvi wowote kati ya viwili hivyo. Kusali asubuhi, na kutokula samaki wala kondoo, kwake yote yalikuwa mambo ya mtu mwenye heshima. Alisema mtu aliyekula samaki akinywa maziwa, ng'ombe anaumia: chuchu zinavimba, ndama anakufa. Hakuna aliyebisha, hata Papa aliyefundisha katekisimu kila Jumatano.

Mwaka 1950 padri alimwita Papa misioni. Kule Itebero, chini kwenye msitu wa Walikale, katekista alikuwa amefariki na Wakristo walibaki bila mtu wa kuwaongoza.

"Kule banasema Kiswahili, na mimi ninakijua," Papa alitueleza aliporudi. "Ni myaka mitatu tu."

Mama aliuliza kitu kimoja. "Kuko ng'ombe?"

"Hapana."

Mama aliendelea kuchambua maharagwe. Kesho yake alianza kufunga mizigo.

Tulitembea siku tisa. Nilikuwa na miaka sita, na ninachokumbuka zaidi ni jinsi baridi ilivyotuacha kidogo kidogo, mpaka siku moja Mama akavua shuka lake begani na hakulivaa tena. Baadaye miti ilifunga pande zote. Itebero ilikuwa nyumba zilizopangwa kando ya barabara, na nyuma ya kila nyumba kulikuwa na ndizi, kisha muhogo, kisha msitu. Kapela, kanisa dogo la kijiji, ilikuwa ya udongo na majani. Papa aliipenda siku ile ile. Mama alisimama mbele ya nyumba tuliyopewa, akageuka huku na huku akitafuta kilima, akakosa.

Jirani yetu aliitwa Sidonie. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana, na kwenye kapela aliimba kwa sauti ya juu kuliko wote, hata pale alipokuwa hajui maneno. Siku ambazo mvua ilipungua, yeye na wanawake wenzake waliingia msituni, wakaziba kijito kwa matope na matawi, wakatoa maji kwa vikapu mpaka samaki wakabaki wanarukaruka kwenye tope. Walirudi wamelowa mpaka kiunoni, wakicheka. Mama aliwatazama kutoka mlangoni kama mtu anayetazama watoto wa wenyewe. Sidonie alipomletea samaki wa kwanza, wamefungwa kwenye jani pamoja na pilipili na mawese, Mama alimshukuru vizuri, akasubiri aondoke, akanituma nikampe jirani mwingine.

Maharagwe tuliyokuja nayo yaliisha. Mama alikula muhogo, ndizi na sombe ya majani ya muhogo, na alikonda. Mimi sikukonda. Ninapaswa kusema ukweli hapa: nilikuwa ninakula samaki nyumbani kwa Sidonie tangu mwezi wetu wa pili pale, na nilipanguza mdomo kwa majani kabla ya kurudi.

Mwezi wa tisa, mwaka 1951, alizaliwa ndugu yangu Théogène. Siku sita baadaye Mama alishikwa na homa kali na maziwa yakamkauka. Papa alikuwa amekwenda kuzunguka vijiji vya ndani. Kurudi kwake kulikuwa bado siku nyingi. Dispansere, zahanati ya karibu, ilikuwa safari ya siku nzima, na Mama hakuweza kusimama. Théogène alilia mpaka sauti ikamwisha, akabaki anafungua mdomo tu.

Sidonie aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa na mtoto wake mgongoni, Hélène, wa miezi mitano. Akamkabidhi Hélène kwangu, akaketi chini kwenye mkeka, akamchukua Théogène na kumpa ziwa. Mama alinyoosha mkono kama mtu anayetaka kukataa. Kisha akasikia mtoto anameza, na mkono ukarudi chini.

Kuanzia siku hiyo Sidonie alikuja asubuhi, mchana na jioni. Siku ya tatu alileta pia sahani iliyofunikwa, akaiweka karibu na Mama.

"Dada, kula."

"Asante. Lakini sisi hatukulaka samaki."

"Juu ya nini?"

"Ni desturi yetu. Tuko bantu ba ng'ombe."

Sidonie alitazama kuta zetu, kama mtu anayewatafuta hao ng'ombe. Hakuwa na nia ya kumcheka. "Sawa. Lakini ng'ombe iko mbali, na huyu mutoto iko hapa. Mimi niko na maziba mawili. Moja ya Hélène, moja ya huyu. Hélène iko anakomaa, hashibi tena. Usipokula, maziwa yako itarudia wapi?"

Nilikuwa nimeketi mlangoni na niliona yote. Mama aliifunua sahani ile, akafanya ishara ya msalaba, taratibu sana, akakata kipande cha samaki kwa vidole vitatu, akakiweka mdomoni. Alitafuna machozi yakimtoka. Sidonie alijifanya anamfunga Hélène mgongoni, asione.

Mama alimaliza sahani. Wiki mbili baadaye alikuwa anamnyonyesha mwanawe mwenyewe.

Papa aliporudi Mama alimweleza kila kitu. Nilitarajia maneno makali. Papa alimpakata Théogène, akamtazama miguu na mikono, akasema tu, "Mungu asifiwe." Na jioni ile ile alikula samaki pamoja nasi, vizuri kabisa, akitoa miiba kwa ulimi kama mtu aliyezoea. Mama alimtazama. "Makuza, ulianza lini?"

"Kule vijijini banakupa nini kingine?" Papa akajibu, na tukacheka wote. Nikikumbuka Itebero ninakumbuka kicheko hicho. Miaka miwili iliyofuata Mama alijifunza kuziba kijito. Alishika rozari yake mkononi akiwa na matope mpaka magotini, na kwenye kapela aliketi benchi moja na Sidonie, naye akaanza kuimba kwa sauti ambayo watu wa Mushaki wangeishangaa.

Tulirudi mwaka 1953. Baridi ilitupokea kabla hatujafika Mushaki, na Mama akaanza kutembea haraka. Watu walikuwa wamejaa uani. Nyogokuru alitoka na chombo kizuri kuliko vyote, kimejaa maziwa ya siku hiyo, akampa Mama kwa mikono miwili.

Mama hakukipokea. "Mama, usinipe kwanza," alisema. "Kule nilikula samaki."

Nyogokuru aliuliza taratibu, "Na batoto?"

"Mimi njo nilibapikia. Batoto habana makosa."

Nyogokuru alikata shauri papo hapo: watoto watakunywa dawa ya majani kwa siku saba, kisha watarudi kwenye maziwa. Kwa mtu mzima aliyejua anachofanya, hakutaja dawa yoyote. Alimgeukia mwanawe. Hakumwuliza kama yeye pia alikula. Sidhani hata wazo hilo lilimwingia kichwani. Alimpa chombo, na Papa, macho yakiwa miguuni, akanywa.

Niliuona uso wa Mama. Haukuwa na hasira. Ulikuwa kama wa mtu aliyesahau jina la mwenzake.

Ikapita miezi minane. Mama hakugusa maziwa wala vyombo vyake, hakuvuka upande wa nyuma ya nyumba. Alikunywa uji wa mtama. Wakati wengine wanatikisa kibuyu cha siagi yeye alishuka bondeni kulima na jirani yetu Adelaïde, wa kabila la Wahunde, ambaye familia yake ililima kilima kile tangu zamani. Nyogokuru hakumtukana hata siku moja. Kila Jumapili Papa alisimama mbele ya Wakristo akaelezea jinsi tulivyo ndugu wote, na Mama aliketi upande wa wanawake akimsikiliza kwa makini. Nyumbani waliongea juu ya viazi, mvua na kodi. Juu ya lile hawakuongea. Mimi pia nilinyamaza, na mpaka leo ninajiuliza kama mtoto wa miaka tisa angeweza kusema neno.

Kisha ndama wa Gaju, ng'ombe wetu mwekundu, akafa. Ilikuwa asubuhi, wakati wa kukamua. Nyogokuru alisimama juu ya ndama yule, akasema bila kupaza sauti, "Kamaliza, uligusa nini?"

"Sikugusa kitu, Mama."

"Kuko muntu aligusa."

Papa alikuwa amechuchumaa kando ya ng'ombe mwingine, chombo kikiwa katikati ya magoti. Akakiweka chini. Alikuja akapiga magoti mbele ya mama yake, juu ya samadi, na suruali yake ya katekista.

"Ni mimi," alisema. "Nilikula samaki mbele yake. Mwaka muzima yeye alikuwa hajaanza. Yeye alikula juu ya mutoto. Mimi nilikula juu ya njaa, na niliona ni tamu. Na hapa ninakunywa maziwa kila siku, na yeye ananitazama."

Wadogo zake walitazama pembeni. Nyogokuru akasema, "Njo unaona sasa? Ndama amekufa."

Hapo Mama, ambaye kwa miezi ile yote alikuwa hajasema neno juu ya jambo lile, akajibu kwa heshima. "Mama, myezi munane anakunywa. Na ng'ombe zingine zote ziko pale zinakula majani."

Nyogokuru aligeuka, akawatazama ng'ombe mmoja mmoja. Nilimwona anahesabu kwa midomo. Mwezi ule ndama walikufa pia kwa majirani wawili, na alijua. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Siku nne hakuongea na mtu. Siku ya tano alitoka akaketi karibu na Mama aliyekuwa anamenya viazi, akachukua kisu naye akaanza kumenya.

"Huyo mwanamuke wa kule," alisema. "Alikuwa na mutoto wake?"

"Ndiyo, Mama. Musichana."

"Na huyo musichana alishiba?"

Mama alifikiri. "Siku zingine hapana. Alikuwa analia."

Nyogokuru alimenya viazi viwili vingine. Mtu anayempa mtoto wa mwenzake maziwa, wake akilia, kwa watu wa ng'ombe hakuna jambo kubwa kuliko hilo, na Nyogokuru hakutafuta neno la kulisema. Aliinuka akaenda nyuma ya nyumba. Alirudi na maziwa, akampa Mama kwa mikono miwili, akasema, "Kunywa." Mama alikunywa akiwa bado na maganda ya viazi mapajani. Kisha Nyogokuru akamgeukia Papa aliyekuwa amesimama mbali. "Wewe ngoja wiki ingine," akamwambia, na alingoja.

Kabla ya Noeli Nyogokuru alijaza siagi kwenye kibuyu kidogo, akakipeleka mwenyewe misioni, akamwomba padri akiweke kwenye kamio, lori linalokwenda Walikale. Miezi mitatu baadaye dereva alileta jibu: siagi ilifika imeyeyuka, Sidonie aliifurahia, alimpaka Hélène mwili mzima. Na alituma kifurushi. Tulijua kilichomo kabla ya kukifungua.

"Humu ndani hapana," Nyogokuru alisema.

Kwa hiyo tulikwenda kwa Adelaïde, tukapika samaki wale wakavu kwenye jiko lake la nje, Mama akatafuta mawese akakosa, akatumia nyanya na vitunguu. Tulikuwa tumeanza kula wakati Nyogokuru alipotokea kwenye njia na fimbo yake. Aliketi kwenye jiwe, akatugeuzia mgongo, akala kiazi chake cha kuchoma akitazama bonde. Alikaa pale mpaka tulipomaliza, kisha tukarudi nyumbani wote pamoja.

Baada ya hapo, katika sala za jioni, alipotaja wazee waliokufa na watoto walio mbali, aliongeza jina la Sidonie. Hakuweza kulitamka; alisema "Sindoni", na sisi watoto tulibana vicheko. Alilitaja hivyo mpaka alipofariki mwaka 1958.

Mama hakumwona Sidonie tena. Kila mwaka makatekista walipokutana misioni kwa mafungo, alimtuma Papa awaulize wa Walikale. Mmoja alisema Sidonie na mumewe walihamia upande wa machimbo. Mwingine alisema hapana, walirudi ndani zaidi, kijiji cha wazazi wake. Mwaka 1959 hakuna aliyejua chochote. Papa aliporudi na jibu hilo, Mama alikuwa anatikisa kibuyu cha siagi mlangoni. Alisimamisha mikono kidogo, akamwuliza kama aliwauliza wote, Papa akasema aliwauliza wote, naye akaendelea kutikisa.