Nilivyompeleka mzee wangu Kulesa kwa gari la mkate, shangazi akatufungia mlango

Wakuu, salamu kwenu nyote. Miaka mingi nimekuwa humu nikisoma visa vyenu, nacheka, najiendea zangu bila hata kubonyeza like. Leo zamu yangu.

Haya yote yametokea. Mzee wangu ameketi hapa kando na kila aya namsomea kabla sijaituma. Nikitia chumvi ananikatiza.

Kwanza mnijue. Mimi ni mama wa watoto wawili, fundi wa kushona viti vya magari hapa Kitale. Mzee, jina lake Komora, ni Mpokomo wa Kulesa, karibu na Garsen. Alikuja huku bara akiwa kijana, akaendesha malori mpaka akastaafu.

Sasa ana presha ya macho. Daktari alituambia bila kuzunguka kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinaendelea kupungua.

Tulipotoka kliniki mzee hakulalamika. Alisema tu, "Nataka nimwone Rahabu uso kabla sijabaki kumsikia sauti."

Rahabu ni dadake mkubwa, shangazi yangu. Na hapo ndipo palipokuwa na shida.

Nyanya yangu alipofariki, mto Tana ulikuwa umefurika. Mzee alifika Wenje na lori la tajiri wake akakuta barabara imemezwa na maji. Watu walikuwa wakivushwa kwa mitumbwi. Sasa mzee huyu, ambaye ameshuka miteremko yote ya nchi hii na breki mbovu, anaogopa maji kama paka. Akageuza lori.

Shangazi akamzika mama yao peke yake. Mzee alipokuja kufika, matanga bado hayajaisha, dada mtu akasimama mbele ya watu wote akasema, "Mimi na Komora hatutalala tena chini ya paa moja."

Kwao neno lililosemwa matangani mtu halimezi hivi hivi. Miaka kumi na moja imepita. Mzee alienda mara mbili, akawekewa chakula nje, mwenyewe shangazi akaenda zake shambani. Usiku mzee akalala lojingi Garsen.

Basi mimi nikapiga hesabu zangu. Kama shida ni paa, si twende na paa letu?

Nikanunua kigari kikuukuu kilichokuwa kikisambaza mkate. Nikatoa rafu, nikaweka vitanda viwili, godoro nimeshona mwenyewe kwa leza ya maruni, ile ngozi ya viti vya magari, jiko la gesi, kabati, na tanki la maji la lita mia lenye chujio. Watoto wangu wakaliita gari keja ya matairi, yaani nyumba yenye magurudumu. Kwa wanaojiandaa kuuliza habari ya choo: ndoo yenye mfuniko na pazia. Tuendelee.

Kasoro ilikuwa moja. Nilipaka rangi ya samawati mara tatu lakini herufi MKATE bado zinachungulia ubavuni. Halafu jua likiwaka, mbao za ndani zinatoa harufu ya mkate mpya. Kumbukeni hilo.

Watoto nikawaacha kwa baba yao, nikaondoka na mzee. Mimi dereva, yeye tanboi, utingo wangu. Wakuu, sijawahi kucheka safari nzima namna ile. Mtu haoni vizuri lakini anasikia gia. "Umechelewa kubadilisha." "Injini inalia, mhurumie." Njia yote ameikariri kichwani, shida ni kwamba ameikariri ya zamani. "Ukiona duka la bluu kata kulia." Duka la bluu lilibomolewa mimi nikiwa shule ya msingi.

Siku ya kwanza tukalala Nakuru, ya pili Mwingi. Mzee alijilaza kwenye kile kitanda cha maruni akaanza kucheka peke yake. Nikamuuliza kuna nini. "Miaka yangu yote kwa lori nimelala kwa usukani," akasema, "leo nimenyoosha miguu."

Kuanzia Garissa joto likapanda na harufu ikaamka. Kila tukisimama watu wanakuja. Hola, mama mmoja alishika noti mkononi akakataa kabisa kuamini kwamba hatuna mkate. Alitaka kuangalia ndani mwenyewe. Akaangalia, akakuta mzee amelala na fulana. Akasema pole, akaondoka.

Tulipofika Wenje mzee aliniomba nisimame. Hakushuka. Aliteremsha kioo, akasema, "Hapa ndipo nilipogeuza." Nikamshika mkono. Baadaye akasema twende, gari linapata baridi, na nje kulikuwa na joto la kuoka.

Garsen tulisimama kununua sukari, majani ya chai na leso ya shangazi. Ilikuwa siku ya mnada wa mifugo. Mzee mmoja Muorma mwenye fimbo alizunguka gari letu mara mbili.

"Hii nabeba ng'ombe ngapi?"

"Haibebi ng'ombe, mzee. Sisi twalala ndani."

Akafikiri sana. "Sasa ng'ombe nalala wapi?"

Mzee wangu alicheka mpaka akatoa miwani kujifuta. Nami nilikuwa na furaha ya kijinga, nikijua mambo yote nimeyapanga.

Tukaacha lami, tukaingia njia ya udongo mweusi kati ya migomba na mpunga. Saa tisa mchana tukawa Kulesa. Shangazi alikuwa uani anapepeta mchele. Mwembamba, mrefu, uso ni wa mzee wangu kabisa. Aliweka ungo chini, akatutazama tukishuka, akaingia ndani.

Akatoka na kikombe cha bati kimejaa maji, amekishika kwa mikono miwili.

Mzee alikuwa bado anapapasa ngazi ya gari. Mimi ndiye niliyekuwa mbele, na maneno yangu nilikuwa nimeyafanyia mazoezi tangu Mwingi. Nikatabasamu nikasema, "Asante shangazi, usijisumbue. Tuna maji yetu ndani, tena yamechujwa. Chakula tunacho, vitanda tunavyo. Hatutakusumbua kwa lolote."

Shangazi akakitazama kikombe. Akayamwaga maji kwenye shina la mpapai, taratibu, akaingia ndani. Nikasikia komeo.

"Umefanya nini wewe?" mzee akauliza nyuma yangu.

Nikamweleza. Akakaa chini pale kwenye ngazi.

"Zile safari mbili sikupewa maji," akasema. "Chakula huku hata mpita njia anawekewa. Maji ya kuletewa na mwenye nyumba kwa mkono wake ndiyo kusema umepokewa. Leo ametoa, wewe umeyakataa. Umemwambia unaogopa atakutilia kitu. Ama nyumba yake si nyumba."

Wakuu, nililia. Nimeendesha nchi nzima, nimeshona mpaka mapazia, halafu nimeharibu kwa adabu zangu za mjini. Nikawasha gesi nichemshe chai, maana mimi nikichanganyikiwa napika chai. Mzee akaizima.

Na katikati ya msiba huo, mama jirani akatokea na sahani kuuliza mkate ni shilingi ngapi.

Mzee akaniuliza bomba la tanki liko wapi. Nikamwonyesha, nikidhani anataka kunawa. Akalifungua lote akaliacha.

"Baba, maji yanaisha."

"Ndiyo nataka yaishe."

Lita mia zile, wakuu, zikamwagika kwenye ua wa shangazi. Kisha akaniomba chupa zetu za kunywa, akamimina. Chai iliyokuwa kwenye thamosi, akamimina. Alipohakikisha hakuna tone, akapapasa ukuta mpaka mlangoni akabisha.

"Rahabu. Ni Komora. Nimekuja na mtoto, tuna kiu, na hatuna maji."

Sauti ikatoka ndani, "Si mna tanki."

"Halina kitu."

"Lilikuwa na kitu sasa hivi."

"Nimemwaga."

Komeo likatoka. Shangazi akachungulia, akaona ziwa chini ya gari, akamwona ndugu yake amesimama na viatu vimelowa.

"Mtu mzima umemwaga maji yote yale?"

"Singeweza kuja kukudanganya mlangoni pako. Rahabu, nimekuja kukusumbua."

Shangazi alijitahidi kukaza uso. Mabega ndiyo yaliyomsaliti. Alicheka ameziba mdomo kwa leso, akaingia, akarudi na kikombe kile kile. Mzee akanywa yote bila kupumua. Nami nikaletewa changu, nikanywa nikilia na kucheka pamoja, nikapaliwa.

Mzee akasema, "Sogea hapa penye jua."

"Wataka nini?"

"Nikuone."

Shangazi akasogea. Mzee akamkaribia mpaka pua zikakaribia kugusana, akamtazama kipande kipande, paji, mashavu, kidevu.

"Umezeeka," akasema.

"Hata wewe. Na unanuka mkate."

Mzee ananiambia hapa niandike kwamba alioga Mwingi. Nimeandika.

Tulipokuwa tunacheka, gari likaguna, likakaa upande wa kushoto kama kuku anayeatamia. Udongo wa Kulesa ukipata maji unakuwa unga uliokandwa. Tairi mbili zilikuwa zimezama nusu na vitanda vyangu vya fahari vimeinama. Mzee na mgongo wake asingeweza kulala mle.

Shangazi akazunguka gari, akatazama nyumba yake, akatazama gari tena.

"Mimi nilisema hatutalala chini ya paa moja," akasema. "Neno lile siwezi kulila. Lakini sikusema kwamba yeye asilale chini ya paa langu."

Basi mzee akalala kwenye kitanda cha shangazi, kwenye nyumba walimozaliwa wote wawili. Shangazi akaja kulala na mimi kwenye keja. Akafungua kila droo. Akajaribu swichi ya taa mara ishirini. Akajilaza kwenye leza ya maruni, akateleza mpaka ukutani, akarudi, akateleza tena, akaanza kucheka. Kulipokucha nilimkuta amebanwa kwenye kona, amelala fofofo.

Asubuhi majirani walikuja na majembe na makuti ya kutia chini ya matairi. Vijana wa Garsen waliokuja kwa pikipiki wakawa wanarekodi, "Keja imekwama, wasee." Tukasukuma mpaka ikatoka.

Tulikaa siku nne. Walienda wote wawili kaburini kwa mama yao, mzee ameshikwa mkono. Sikuwafuata.

Siku ya kuondoka nikawasha gari, nikamwona shangazi anafunga mlango wake na kufuli. Ana mkeka kwapani na gunia la mchele limeshapakiwa. Akapanda mbele, kiti cha tanboi.

"Naenda kuona huko kunakomfanya mtu asirudi kwao," akasema. Mzee akahamia nyuma bila kubisha. Usiku njiani yeye alilala lojingi, mimi na shangazi tukalala garini.

Njia yote ya kurudi, kila mtu aliyekuja kuuliza, shangazi aliteremsha kioo akasema, "Mkate haupo."

Sasa mnadhani hadithi imeisha. Tulipofika Kitale, shangazi alikataa kulala ndani. Neno ni neno. Tukaliegesha gari karibu na jikoni, akalala humo wiki tatu. Kila asubuhi mzee alibeba kikombe cha chai, akapapasa mpaka kwenye gari, akabisha hodi.

"Mkate haupo," dada yake anajibu kutoka ndani. Kila siku. Na kila siku wanacheka kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Jumanne iliyopita jioni ilinyesha mvua ya mawe, wenye kuijua Kitale mnajua. Tulikuwa sebuleni, mzee anasikiliza redio. Mlango ukafunguliwa. Shangazi akaingia amelowa, mkeka kwapani, akautandika chini kando ya kiti cha mzee. Watoto wangu wakavuta miguu kumpisha.

"Nani ameingia?" mzee akauliza.

"Ni mimi. Paa la gari lina kelele."

Mzee akapunguza redio. "Na hili?"

"Hili halina."

Mzee akainuka. Nilitaka kumsaidia, akanizuia. Akapapasa ukuta mpaka jikoni, tukasikia vyombo vikigongana, akarudi na kikombe cha maji amekishika kwa mikono miwili, nusu yamemwagika njiani.

"Karibu maji, dada."

Shangazi akayapokea, akayanywa yote.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba neno langu la "hatutakusumbua" nililidhani ni heshima, kumbe nilikuwa namnyima mtu nafasi ya kunipokea. Siku hizi nikienda kwa watu nafika na kiu.

Haya, semeni nanyi. Nani humu amewahi kumuudhi mwenyeji wake kwa kujifanya mgeni asiye na mzigo, na mliyamalizaje? Mzee anataka nimsomee majibu yote. Na gari sasa liko tupu hapo nje, anayetaka kwenda nalo mahali aje tuzungumze, ila mkate haupo.