Mama Restuta wa Kibakwe, Aliyemsalimia Mzazi Kwanza

Alizaliwa Kibakwe, kwenye vilima vya Mpwapwa, Januari ya mwaka 1958, wakati wa palizi, akabatizwa Restuta. Tusimpambe: alikuwa binti mwenye kelele na mkaidi kupindukia. Ukaidi huohuo Mungu aliuhitaji.

Mwaka 1979 alijifungua mtoto wake wa kwanza, Elisha. Wageni walimiminika na unga wa uwele kama ilivyo desturi, wakampita kitandani, wakampakata mtoto na kusema, "Hongera! Na mama mwenyewe siku hizi mpole." Mpole! Jamani, yule alikuwa mgonjwa. Siku kumi na moja hakupata usingizi, na alitamani kufa. Aliyeona ni mmoja tu, Tabu, mwanamke Mwislamu wa Kondoa aliyepita akiuza mafuta ya ufuta. Alitua mzigo wake, akamtazama, akasema, "Mtoto nimemsikia, analia vizuri. Wewe je, unalala?" Restuta alilia mpaka adhuhuri. Tabu alikaa naye wiki nzima, na chupa zake zikabaki palepale mlangoni.

Alipopona aliweka nadhiri kwamba hakuna mzazi wa Kibakwe atakayepitwa tena. Kwa miaka zaidi ya arobaini aliingia nyumba kwa nyumba, akauliza swali lile, akafua nepi na kumbeba mtoto ili mama alale.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 2003. Paulina, jirani yake, alikataa kumnyonyesha binti yake mchanga, Anna. "Mchukueni, mimi simfai," alisema, na mara mbili alikutwa amesimama ukingoni mwa kisima. Katekista Gaudence akatangaza mbele ya watu kuwa ni mapepo, aombewe tu, tena asitoke nje.

"Aombewe, Katekista, na hospitali apelekwe," Restuta alijibu. "Mungu hakasiriki tukipita njia zote mbili."

Wengine waliguna, wengine wakamwita mjuaji. Hakujali. Alimpandisha Paulina basi la Mpwapwa, Anna akiwa mgongoni mwake, wakakaa huko hadi dawa na mazungumzo vilipofanya kazi. Wiki ya saba Paulina alirudi akinyonyesha na kuimba, na Kibakwe nzima ikapiga vigelegele. Ajabu hiyo tuliiona kwa macho yetu.

Mama Restuta alifariki Machi 2024. Siku iliyofuata mazishi, Anna alikuwa na mtoto wa wiki mbili, na wanawake wakaenda kumwona. Aliyetangulia kuingia alikuwa Gaudence, sasa mzee wa mkongojo. Hakumtazama mtoto. Alimwinamia Anna na kusema, "Mjukuu wangu, wewe je, unalala?"

"Hapana, babu," Anna alisema, machozi yakimtoka. "Tangu Jumanne."

Wanawake wakatua mizigo yao. Mpendwa msomaji, nyumba ya mzazi wa jirani yako unaijua. Nenda, utue na wako.