Asali ya Mama Mkwe Baada ya Kila Mlo

Mwenzetu mmoja wa upande wa Igalula ametuletea haya na kuomba gazeti lisimtaje. Hatumtaji. Msomeni, kisha mumjibu.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, nimeolewa, sijajaliwa mtoto bado. Mume wangu anafanya kazi ya reli kule Tura, huja nyumbani mwisho wa mwezi. Naishi na mama yake. Nasema mapema msije mkanielewa vibaya: mama mkwe wangu ananipenda. Angekuwa ananichukia nisingewasumbua, ningekwisha kufunga mizigo yangu zamani. Taabu yangu ni hayo mapenzi.

Nina ugonjwa wa kisukari. Hospitalini Tabora walinifundisha kujidunga insulini na kupima mkojo. Unautia kidogo kwenye dawa ya buluu ndani ya kichupa, unachemsha, unatazama rangi. Ikibaki buluu, salama. Ikigeuka nyekundu ya tofali, sukari imezidi. Daktari akanisisitizia, "Ukishajidunga, kula, usichelewe. Na ugali uwe wa kiasi, si mlima." Nikaitikia ndiyo bwana, kana kwamba kwetu chakula hupakuliwa kwa amri yangu.

Siku ya balaa, wajomba wa mume wangu walirudi kutoka msituni kurina asali. Walikuja na vilindo, yale makasha ya magome ya miti, vimejaa mpaka juu, na nyumba ikafurika watu. Nilipoona maji ya ugali yamechemka nikaingia chumbani nikajidunga. Ugali ukaiva, ukapelekwa kwa wanaume. Sawa, ndiyo desturi, wanawake hula baadaye. Lakini kila tulipotaka kunawa, wageni wengine wakapiga hodi na chakula chetu kikaenda. Tukasonga upya. Mikono ikaanza kunitetemeka, jasho likanitiririka. Ugali ulikuwa mbele yangu, mwiko nimeushika mwenyewe! Tonge chache zingenitosha. Lakini mkamwana anayemega kabla ya wakubwa kushiba, habari zake hufika kwao kabla yake. Nikaona aibu, nikaanguka pale pale jikoni.

Nimesimuliwa kwamba wenzangu walianza kulia. Mama mkwe hakulia. Alichovya vidole kwenye kilindo akanipaka asali ndani ya mashavu, akarudia na kurudia, huku akiniita jina langu. Nikafumbua macho. Vigelegele vilivyopigwa nadhani vilisikika stesheni.

Tangu siku hiyo, kila nikimaliza kula, bakuli la asali liko mbele yangu. "Meza, mwanangu, nikuone." Haondoki mpaka nimeze. Jumapili baada ya misa huwasimulia watu jinsi alivyonifufua, nami nasimama pembeni nikitabasamu kama mjinga.

Nilijaribu kumweleza. "Mama, daktari anasema asali ni ya siku ya kuanguka tu. Nikiila juu ya chakula inanidhuru."

"Daktari alikuwepo ulipoanguka?"

"Hakuwepo, mama."

"Mimi nilikuwepo. Ulijichoma sindano yako, ukaanguka. Nikakupa asali, ukainuka. Kilichomfufua mtu kitamdhuruje akiwa mzima? Na hiyo sindano nisiione tena humu ndani."

Mimi ni mtu wa kubisha, waulizeni walionizaa. Lakini kwa yale aliyoyaona kwa macho yake, anasema kweli.

Mume wangu alipokuja nikamweleza yote. Akajikuna kichwa. "Mama amekutoa kaburini, leo nikamwambie aache? Vumilia kidogo, mke wangu." Vumilia! Nina kidonda mguuni kisichotaka kupona, kutunga uzi kwenye sindano siwezi tena, na kila nikipima mkojo napata tofali. Ningekuwa fundi ningekwisha kujenga nyumba.

Insulini nimeificha kwenye mtungi wenye mchanga mbichi, isiharibiwe na joto, nyuma ya ghala la mtama. Najidunga chooni. Na kwa kuwa najua asali inafuata, nazidisha dawa kuliko alivyoniagiza daktari. Nakisia tu. Najua ni hatari, lakini nifanyeje, mikono ya mama haina kipimo.

Juma lililopita nilijidunga hivyo hivyo, nikala. Kabla mama hajaleta bakuli, jirani akamwita kwenye msiba. Akafunga chumba chake chenye asali, akajitanda kanga, akatoka. Kwenye chungu hapakuwa na kitu. Nikamngoja, akakawia, mpaka nikahisi mtetemeko ule ule. Nikamkimbilia njiani nikipepesuka, nikamshika nguo mbele ya jirani. "Mama, nipe asali. Nakuomba."

Alirudi mbio akanilisha mwenyewe, machozi yakimtoka. Kisha akamgeukia jirani. "Umeona? Sasa anaiomba mwenyewe." Kesho yake bakuli lilikuwa kubwa zaidi.

Jamani, nimechoka na ninaogopa. Nikiacha sindano nitakufa. Nikiikataa asali nitakuwa nimemtemea mate mtu aliyeniokoa, na mume sitakuwa naye. Nikirudi kwetu, siku nikianguka wataita mganga wa mapepo. Katika watu wote ninaoishi nao, anayejua kuniinua ni huyu huyu anayenimaliza.

Ninyi mliokaa na wakwe, nifundisheni: mtu aliyekuokoa unamwambiaje kwamba anakuua? Nijibuni humu humu gazetini. Na mhariri, tafadhali, jibu langu ulichape kwa herufi kubwa, maana hizi za kawaida siku hizi sizioni vizuri.