Kibao cha Mwalimu Nabangala

Mwalimu Nabangala alikuwa na kanuni arobaini na moja za Kiswahili fasaha, kaziandika kwa mkono wake na kuzibandika ukutani mwa darasa la sita, pale Kyebando, Kampala. Ya kwanza ilisema, "Epuka maneno mengi." Nyingine arobaini zikafuata. Ukicheka, ujue hukuwahi kukaa naye meza moja.

Alitoka Busia, upande wa Kenya, akiwa na cheti cha ualimu na roho inayomuuma kila asikiapo ngeli ikivunjwa. Na Kampala, jamani, ngeli huvunjwa kama kuni! Hajati Zulaika, Mnubi aliyeuza chai na mandazi nje ya lango la shule, alimpokea kila asubuhi kwa maneno yaleyale: "Madamu, chai yako iko, mandazi iko, kiti iko." Nabangala hakugusa kikombe mpaka kila kitu kipate kiambishi chake. Hajati alirudia kwa adabu, chai ikapoa, na kesho yake akasema vilevile. Hata Nabangala alipofiwa na baba yake, jirani akamshika mkono na kumwambia, "Pole, mzee yako ilikuwa mtu mzuri," yeye, machozi yakimtiririka, alijibu, "Alikuwa." Haya, mtu kama huyo utamfanyaje?

Usidhani alikuwa mbaya. Miaka sita alifundisha kwa mkataba wa muhula mmoja mmoja, kila likizo asijue kama atarudi. Mwalimu mkuu, Bwana Ocaya, alimwahidi kwamba siku ya wazazi watoto wakionyesha Kiswahili chao, kamati itampa ajira ya kudumu. Basi akafanya kazi kama punda.

Sasa, shule ile ilikuwa na kibao. Tuliosoma huku tunakijua: kipande cha mbao chenye kamba, huvishwa shingoni mtoto aliyesikika akisema Kiluganda badala ya Kiingereza, naye hukivaa mpaka amnase mwenzake. Atakayekutwa nacho jioni anachapwa. Nabangala akaona, kumbe dawa ndiyo hii! Akachongesha chake, cha Kiswahili. Ukivunja ngeli, unavaa. Ukitia r penye l, unavaa, hata kama ulimi wako umezaliwa hivyo.

Hata muhula haujaisha, makosa yakakoma. Kibao kilikaa kwenye msumari wiki nzima bila mvaaji. Nabangala akampigia simu dada yake, akamwambia darasa limeiva. Maskini, hakujiuliza ni lini mara ya mwisho alimsikia mtoto akisema neno.

Siku ya wazazi ikafika. Turubai likafungwa uwanjani, wazazi wakaja na nguo za sikukuu. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Tamim, mwenye duka la nafaka pale Kalerwe, alisimama mbele ya darasa la sita.

"Haya watoto, nani ataniambia, hapa shuleni munakula nini?"

Swali jepesi mno. Kimya. "Hata jina yako tu," akabembeleza. Kimya. Watoto arobaini na wawili wanatazama viatu vyao. Atoo, binti aliyeongoza darasa katika mitihani, alifungua mdomo, akamtupia mwalimu wake jicho, akaufunga.

Bwana Ocaya, jasho likimtoka, akajichekesha. "Mzee, watoto hii inaogopa."

"Watoto hawa wanaogopa," alisema Nabangala.

Lilimtoka tu, kama chafya. Wazazi wakaangua kicheko. Bwana Ocaya hakucheka. Mzee Tamim alimtazama mwalimu, akawatazama watoto, akatikisa kichwa.

"Ndiyo, madamu," akasema taratibu. "Wanaogopa."

Kamati ilikaa nusu saa. Bwana Ocaya alimwita Nabangala ofisini, hata kiti hakumpa. Muhula ujao asirudi, alisema; wazazi wamemtaka Hajati Zulaika, aje mara tatu kwa wiki azungumze na watoto.

"Hajati hana hata cheti!"

"Lakini watoto wanaongea naye."

Na ni Ocaya huyohuyo aliyeleta kibao shuleni! Kile cha Kiingereza hakuna aliyekitaja, wala hakitatajwa. Mnyonge hana haki, nyie.

Nabangala alikusanya vitabu vyake, akatoka. Pale kwa Hajati, nusu ya darasa lake ilikuwa imezunguka karai la mandazi, inapiga soga. Kwa Kiswahili! Atoo alikuwa akisimulia jinsi Mzee Tamim alivyotoa macho, mikono inaruka, ngeli kazitupa huko, r na l zimebadilishana nyumba, na wenzake wanashika mbavu. Humohumo Nabangala akasikia methali zake mwenyewe, alizowakaririsha, zikitumika mahali pake barabara. Akasimama kusikiliza. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita hakutaka kusahihisha.

Kisha mmoja akamwona, na wote wakanyamaza.

"Endeleeni," aliwaomba. "Semeni vyovyote, wanangu. Vyovyote vile."

Atoo akaishusha mikono yake. Hajati Zulaika alimfungia mandazi mawili kwenye gazeti, akamtilia mkononi.

"Madamu, wewe enda tu," alimwambia kwa upole. "Ukienda, wataongea."

Akaenda. Hata hajafika kwenye kona, akawasikia.