Thina ya Kunawia Tu

Babu yake alikuwa mpima mashamba, na jiwe la mpaka alilolisimika halikung'olewa na mtu. Baba yake alikuwa karani wa mizani. Hakuna mkulima aliyewahi kurudi kwake kulalamika kwamba amepunjwa. Mwanamke tunayemwandika leo ametoka katika ukoo huo. Kazi yake ni kudodosa watu kwa ajili ya watafiti wa maradhi, na mitaani wamempachika jina la Mama Maswali.

Saa tatu asubuhi ameketi kando ya kitanda cha mpaka rangi wa magari mwenye umri wa miaka hamsini na miwili. Ugonjwa umeshambulia neva zinazoamrisha misuli. Ulianza kwenye vidole, ukapanda mikononi, na sasa umemfunga ulimi. Akili yake ni timamu. Hujibu kwa kope: mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

"Kaka, uliwahi kutumia thina kazini?"

Kope zinafumba mara moja, kwa nguvu. Mkewe anadakia: "Tena bila barakoa, dada! Nguo zake nilikuwa nazifua kando, na harufu haitoki ng'o."

Mgonjwa amepata siku nyingi za kulala na kujiuliza amefikwa na nini, kwa hiyo hakuna kopo la kiyeyusha rangi hicho alilolisahau. Lakini kumbukumbu yake pekee haitoshi: maswali hayo hayo huulizwa pia watu wenye afya njema wa rika lake. Bila kuwalinganisha, hakuna atakayejua kama thina ina hatia au inasingiziwa tu.

"Mwanetu yuko karakana ile ile," mke anasema. "Nimtoe, au nimwache?"

"Sijui, dada. Nikisema najua, nitakuwa nakudanganya."

Mchana yuko karakanani, mbele ya jirani wa mgonjwa, mwenye afya tele. Bwana huyo anachovya kitambaa katika kopo na kujisugua rangi vidoleni.

"Umewahi kutumia thina kazini?"

"Thina? Hapana, mama. Mimi kazi yangu msasa."

"Na hilo kopo lina nini?"

"Hii? Aa, hii ya kunawia tu!"

Vijana wanaangua kicheko. "Mama Maswali, andika na sabuni basi!" Aliyepaza sauti hiyo, na anayecheka kuliko wote, ni mtoto wa yule mgonjwa.

Mama Maswali haoni cha kuchekesha. Kanuni ya kazi yake ni ngumu lakini ni ya haki: swali lisomwe kwa kila mtu kwa maneno yale yale, na jibu liandikwe lilivyotamkwa. Akimbana mmoja, sharti awabane wote. Aliandika "hapana".

"Nilijisikia kama mwizi," anatuambia, na ngumi yake inatua mezani. "Mgonjwa anakumbuka kila tone. Mzima ananawa nayo mbele ya macho yangu, anasema hajaitumia! Halafu mwakani mtauliza mbona hatujui chanzo."

Jioni ile alimkabili msimamizi wake: swali libadilishwe, na wote waulizwe upya.

"Tumeshadodosa watu mia mbili," msimamizi alimjibu.

"Basi hatujui tumedanganywa mara ngapi."

"Na waliokwisha kufa utawaulizia wapi?"

Kati ya wagonjwa thelathini aliowatembelea, tisa wamezikwa, nao ndio ambao ugonjwa uliwaendea mbio. Wanaosalia ni wale uliowaendea polepole, na yawezekana hawafanani na waliokufa. Hasira yake nyingine ni hii: mgonjwa hupelekwa kwa watafiti wakati amekwisha kubaki na kope tu.

Mwishowe msimamizi alikubali walio hai waulizwe upya. Kuanzia Jumatatu, kila mtu ataulizwa kama amewahi kuigusa thina kwa jambo lolote, hata kunawa. Mama Maswali amepanga kuanzia karakana ile.

"Nitauliza tena," anasema, "na safari hii nitasubiri kicheko kiishe."

Nanyi vijana mliocheka kando ya kopo, sikieni. Mtu akija kuwauliza habari za kazi ya mikono yenu, simameni wima, mfikiri, mjibu kweli. Yuko baba mmoja kitandani ambaye kila jibu linamgharimu nguvu zake zote, na bado anajibu. Mwanawe, ambaye jibu hilo ndilo litakalomwambia abaki karakanani au aondoke, na awe wa kwanza kunyamaza na kusikiliza.