Kibao cha Mpakani

Kazi ya Verlyn Kučera ilikuwa kupaka rangi kibao cha mpakani mwa majimbo ya Nebraska na Iowa, Marekani, kinachotangaza jimbo lake la Nebraska limeshika nafasi ya ngapi nchini kwa unafuu wa kodi. Iowa wakipunguza kodi, Nebraska inashuka, naye anapanda ngazi na brashi, akiwatukana majirani kama siku ya mechi. Mwaka huu wakubwa wa Nebraska walifyeka kodi mpaka idara yake ikakosa fedha, ikafungwa, akaachishwa kazi. Juzi bosi wake wa zamani akampigia simu.

“Mzee Verlyn, tumekuwa wa kwanza! Njoo ubadilishe namba!”

“Si mlinifukuza?”

“Ndiyo maana tumekuwa wa kwanza!”

“Basi kasimame wewe barabarani, uwatangazie wapita njia!”

Kesho yake Verlyn akapita pale, akamkuta bosi kasimama kweli, sauti imemkauka kwa kutangaza.