Sale Lililozuia Magari ya Krismasi

Jumamosi tulimzika yule mama wa Old Moshi aliyekuwa akisimamisha magari, na nakiri mapema kwamba nilicheka msibani mpaka mbavu zikaniuma. Wasomaji wangu mnisamehe. Yeye asingenisamehe kama ningelia.

Miaka ile biashara ilipofunguliwa, kila mtoto wa mlimani aliyepata kibanda alirudi nyumbani Krismasi kwa mbwembwe. Hata sisi wa Moshi mjini, tusiokuwa na safari ya kuitwa safari, tulipanda na makreti ya soda na tai shingoni kana kwamba tumetoka ng'ambo. Mimi niliuza viatu vya mtumba, na duka langu nililipaua kwa mbao za mlima huohuo bila kuuliza zilikatwa wapi. Zilikatwa juu ya chemchemi inayolisha mfongo, mfereji wetu wa tangu mababu, na mfongo ukabaki tope tu. Shamba la mama huyo lilikuwa la mwisho kufikiwa na maji, kwa hiyo migomba yake ilikuwa ya kwanza kunyauka.

Hakwenda kulalamika mkutanoni. Mkesha wa Krismasi alifunga kamba ya mgomba kukatiza barabara, akaning'iniza katikati jani la sale, lile tunaloshika tunapoomba msamaha, kisha akaketi pembeni na miche yake ya miti. Basi! Geti tungelizunguka, askari tungembembeleza, lakini Mchagga gani atapita juu ya sale? Magari yakapanga foleni mpaka bondeni, honi zikilia kama harusini.

"Shikamoo mama," nikamwambia. "Tupishe, mbuzi anatusubiri."

"Marahaba, mangi. Mbuzi akishachinjwa hana haraka. Chukua mche, ukapande pale chemchemini, ndipo upite."

Nilipewa mche wa mringaringa. Kwa kuogopa kuchafua suruali, niliufukia na kiriba chake, kile kifuko cha plastiki cha kuoteshea, nikakimbilia nyama. Januari akaja dukani mama mmoja muuza ndizi, jirani wa yule mama wa sale, akapaza sauti mbele ya wateja: "Nimetumwa! Mti wako umekufa na soksi mguuni. Anauliza, wewe muuza viatu, hujui kuvua?" Soko zima lilikaa chini kwa kicheko. Tangu siku hiyo jina langu ni Soksi.

Krismasi iliyofuata nilipiga magoti na mche mwingine, nikavua kiriba, nikapanda vizuri. Lakini kupanda ni kazi ya siku moja. Kiangazi kile nani alimwagilia? Yeye, kwa ndoo, na mgongo wake ule mbovu. Nilimtumia viatu kwa shukrani. Akanirudishia kimoja, akisema miti ina mguu mmoja. Nilicheka, lakini sikupanda kwenda kumpokea ndoo, mwaka ule wala miaka iliyofuata. Hilo linaniuma, na sina cha kujitetea.

Sasa Jumamosi, gari la jeneza lilipokata kona ya mwisho, dereva akafunga breki. Kamba! Sale! Na wajukuu zake wamesimama na miche.

Mchungaji akashuka, joho mkononi. "Jamani, hata marehemu?"

"Yeye hasa, Baba Mchungaji! Alisema asipitishwe bure."

Waombolezaji waliangua kicheko, hata mabinti zake waliokuwa wakilia. Jeneza likasubiri, tukateremka chemchemini na miche. Mfongo uliokuwa tope sasa ulikuwa ukinguruma mpaka Mchungaji akalazimika kuomba kwa kupiga kelele. Mringaringa wangu siwezi tena kuukumbatia mikono ikakutana. Nilipoinama na mche mpya, sauti ikatoka nyuma: "Soksi, vua!" Nikavua, huku nikicheka na kufuta machozi kwa mkono wenye udongo.

Nimechelewa kujifunza, lakini nimejifunza: anayepanda mche na kuondoka amemwachia mwenzake ndoo. Mvua bado haijafika. Kesho alfajiri napanda mlimani, na ndoo nimeshanunua.